Ziara ya bure Bundeshaus, Bern: nimempeleka shangazi na naipa nyota 5

Jamani mnaokaa Uswisi au mnaopita Bern kusalimia ndugu, msiondoke kabla hamjaingia Bundeshaus, lile jengo la bunge lenye kuba kubwa pale katikati ya mji. Ziara haina kiingilio, kuna mtu anawaongoza, inachukua kama saa moja hivi. Mimi hii ni mara yangu ya pili, safari hii nilikuwa na shangazi yangu kaja kunitembelea kutoka Tanga.

Sasa shangazi ni mwalimu mstaafu na kasimamia vituo vya kupigia kura miaka na miaka, kwahiyo majengo mazuri hayamshughulishi sana, yeye anataka ajue kura anahesabu nani na karatasi zinapita mikononi mwa nani. Ukumbi wa kuba kaupita haraka, ingawa kuna sanamu kubwa ya wale wazee watatu ambao hadithi za zamani zinasema walikula kiapo cha kuanzisha Uswisi, na juu kabisa kwenye vioo kuna nembo za kantoni 22 (kantoni ni kama mikoa yenye serikali zake) maana jengo lilifunguliwa 1902 na kantoni ya Jura ilikuwa bado haijazaliwa, imekuja 1979, basi nembo yake imewekwa pembeni peke yake. Ishikeni hiyo Jura nitairudia.

Utamu wenyewe uko kwenye ukumbi wa Baraza la Taifa. Mbele kuna mchoro mkubwa wa ziwa na milima (kuna samaki kafichwa kwenye mawe, mwambieni kiongozi awaonyeshe), viti vya wabunge 200 vimepangwa kama mwezi, alafu nyuma kabisa kuna viti vimeegemea ukuta, havina hata meza. Shangazi akauliza hivi vya nani, vya wageni? Kumbe ni vya wale 46 wa baraza la pili, Baraza la Kantoni, siku mabaraza yote mawili yakikaa pamoja ndo wanakuja kukaa pale ukutani. Na moja ya kazi za hicho kikao cha pamoja ni kuchagua serikali, watu 7, mawaziri wote.

Hapo ndo ziara ilipomkamata. Sisi nyumbani Tanzania rais ndo anateua mawaziri, bunge linathibitisha jina la Waziri Mkuu, wengine mnasikia majina kwenye taarifa ya habari. "Kwahiyo hapa rais hateui?" Hateui shangazi, rais mwenyewe ni mmoja wa hao 7, anachaguliwa na bunge hilohilo, anakaa mwaka mmoja tu anampisha mwenzie, na hana amri juu ya wenzake.

Uchaguzi wa hao 7 unakuwa Desemba baada ya uchaguzi wa wabunge, kila miaka 4, na hawachaguliwi kwa mkupuo, ni kiti kimoja kimoja, anaanza yule aliyekaa muda mrefu zaidi serikalini. Wahudumu wanagawa karatasi, kila mbunge anaandika jina kwa siri, zinakusanywa, zinahesabiwa, alafu spika anasoma kila kitu, zimegawiwa ngapi, zimerudi ngapi, tupu ngapi, zilizoharibika ngapi, halali ngapi, na nusu na ushee inayotakiwa ni ngapi. Shangazi aliposikia hiyo orodha akatikisa kichwa taratibu, akasema "mwanangu, hawa wanajua kazi". Asipopatikana mtu wanarudia. Raundi mbili za kwanza wanaweza kuandika jina la mtu yoyote mwenye sifa hata kama chama chake hakijamleta, ya tatu jina jipya haliingii tena, na raundi kwa raundi wanaanza kuenguliwa wa chini.

Hiyo ya jina lolote si mapambo. Mwaka 2007 Christoph Blocher, waziri mwenye nguvu sana wa chama cha SVP, alinyimwa kiti, wabunge wakamwandika Eveline Widmer-Schlumpf ambaye wala hakuwa mgombea rasmi, kura 125 kwa 115, yule mama akaomba muda afikirie, kesho yake asubuhi akakubali. Lakini tangu 1848 mawaziri walionyimwa kurudi ni wanne tu! Na wakishachaguliwa bunge haliwezi kuwatoa katikati ya muhula na wao hawawezi kulivunja bunge. Mimi hapo ndo napapenda kuliko kote, maana kila mtu anafanya kazi bila kumtishia mwenzie.

Turudi Jura. Desemba 2022 kulikuwa na uchaguzi wa kujaza kiti cha serikali kilichoachwa wazi katikati ya muhula, niliuangalia kwenye tv kuanzia asubuhi, chai ikapoa. Wengi walimtarajia Eva Herzog wa Basel, raundi ya tatu spika akasoma, zinazotakiwa 123, Elisabeth Baume-Schneider 123, Herzog 116. Yani amefika palepale kwenye mstari, ingepungua moja wanarudia! Mtu wa kwanza kutoka Jura kuingia serikali ile. Nilipomsimulia shangazi pale ukumbini akanivuta tukarudi kwenye kuba, akainua macho akaitafuta ile nembo ya pembeni mpaka akaiona, akakaa anaiangalia kimya.

Kiongozi wetu alikuwa na subira ya ajabu, maswali ya shangazi nilikuwa natafsiri moja moja na hakuharakisha hata kidogo, kikundi kizima kikawa kinasubiri majibu. Kilichotuudhi ni mgahawa mmoja tulioenda baadae mitaa ya karibu, tumekaa nusu saa hatujaulizwa tunataka nini.

Mkitaka kwenda wekeni nafasi mapema kwenye tovuti ya bunge, bebeni pasi au kitambulisho maana mlangoni mnakaguliwa kama eapoti. Wiki za vikao ziara hizi hakuna ila mnaweza kukaa juu sehemu ya wasikilizaji. Shangazi keshaniambia mwakani anakuja kipindi cha kikao.