Tuisheni ya kemia jioni, kabonili sasa naielewa

Jamani kama una mdogo wako Form Six anahangaika na aldehaidi na ketoni (kampaundi zenye kabonili, yaani kaboni iliyoungana na oksijeni kwa bondi maradufu) mlete hapa, mwalimu hakaririshi watu. Jana katuonyesha Tollens laivu, kile kipimo cha kutofautisha aldehaidi na ketoni: silva naitreti na amonia kwenye testi tyubu, akadondosha ethanali (hiyo ni aldehaidi) akaiweka kwenye maji ya moto kama nyuzi 60 hivi, dakika chache tyubu ikang'aa kama kioo mpaka nikajiona uso!! Propanoni ikabaki vilevile, maana ketoni haina ile haidrojeni kwenye kaboni ya kabonili so haioksidiki kirahisi. Mabaki akayamwaga papo hapo, ukiyaacha yakalala yanaweza kulipuka. Ila chumba kidogo, amonia inabana koo, wafungue madirisha aisee.