Intaneti ya nyumbani isiyo na kikomo: uzoefu wangu na watoa huduma watatu

Katika kipindi cha miaka miwili na nusu nimetumia watoa huduma watatu wa intaneti ya nyumbani, na wote watatu waliandika maneno yale yale kwenye matangazo yao: bila kikomo. Aliyetimiza maneno hayo ni mmoja, wa mwisho, na kasi aliyoniuzia ilikuwa ndogo kuliko ya yule niliyemwacha. Nyumbani kwangu tunaishi watu watano. Wawili kati yetu tunafanya kazi kwa kompyuta mchana kutwa, watoto hutazama video jioni, na kuna kamera ya usalama mlangoni ambayo hurekodi usiku na mchana na kutuma picha zake kwenye seva ya kampuni iliyoitengeneza. Kamera hiyo ninaitaja mapema kwa sababu ndiyo iliyonifundisha hesabu.

Huduma ya kwanza ilikuwa ya ruta ya 4G inayotumia laini ya simu, yenye kasi iliyotangazwa ya Mbps 20, yaani megabiti 20 kwa sekunde. Siku nane za mwanzo sikuwa na neno. Usiku wa siku ya tisa binti yangu aliniita sebuleni akisema, «Baba, picha imeganda,» na nilipopima kasi nikakuta Mbps 0.9. Nilizima ruta na kuiwasha, nikaisogeza dirishani, nikailaumu mvua. Asubuhi, hali ilipobaki ile ile, nilipiga simu huduma kwa wateja, na dada aliyenipokea alikagua akaunti yangu kisha akanieleza kwa upole kwamba kifurushi changu hakijaisha, ila nimefikia kiwango cha matumizi ya haki, yaani gigabaiti (GB) 200. Nilimuuliza, sasa «bila kikomo» maana yake ni nini? Akajibu, «Huduma haikatiki kaka, inapungua kasi tu mpaka mwezi uishe.» Sina kinyongo naye, kwa kuwa alinisomea kilichoandikwa. Baadaye nilikikuta mwenyewe ndani ya vigezo na masharti, katika kipengele cha kumi na nne, kwa herufi ambazo zilinilazimu kuvaa miwani.

Siku hiyo nilichukua kalamu. Kasi ya intaneti hupimwa kwa biti na matumizi hupimwa kwa baiti, na baiti moja ina biti 8. Kwa hiyo laini ya Mbps 20 ikifanya kazi kwa kasi yake kamili hupitisha megabaiti 2.5 kila sekunde. Kwa mwendo huo GB 200, ambazo ni megabaiti 200,000, humalizika ndani ya sekunde 80,000, ambazo ni saa 22 na ushee. Kwa maneno mengine, kile kilichoitwa mwezi mzima usio na kikomo kilikuwa, kwa kasi iliyotangazwa, pungufu ya siku moja, na siku zilizobaki mteja anaishi na Mbps 1. Video yenye picha safi ya HD hutaka takriban Mbps 5 na hula karibu GB 3 kwa saa, na ile ya 4K, iliyo safi zaidi, hufika karibu GB 7 kwa saa, hivyo Mbps 1 inatosha barua pepe na subira.

Kisha nikaigeukia kamera. Ilikuwa inatuma takriban Mbps 1 bila kupumzika, jambo linaloonekana dogo mpaka ulizidishe: ni GB 10.8 kwa siku na GB 324 kwa siku 30. Watoa huduma wengi huhesabu data unayopakia sawasawa na ile unayopakua, na wa kwangu alikuwa mmoja wao, maana yake ni kwamba hata kama sote watano tungesafiri na kufunga nyumba, kamera peke yake ingevuka kiwango cha matumizi ya haki kabla ya tarehe 20. Na mimi nilikuwa nimekwisha kuwagombeza watoto kwa ajili ya katuni zao. Niliwaomba radhi.

Kwa upande wa ufundi, sishangai kwamba huduma ya mnara huwekewa kiwango. Watu wote walio chini ya mnara mmoja hugawana masafa yale yale ya redio, na masafa hayo hayaongezeki kwa sababu wateja wameongezeka. Nyumba moja ikipakua usiku kucha, jirani huonja matokeo yake. Ninachokikataa ni kuliita jambo hilo kwa jina lisilo lake. Wangeniuzia «GB 200 kwa kasi kamili, kisha Mbps 1», ningejua ninanunua nini, na pengine ningenunua.

Mtoa huduma wa pili alileta faiba, yaani waya wa nyuzi za kioo, hadi ndani ya nyumba, Mbps 50, na katika masharti yake sikuona kiwango chochote cha GB. Nilidhani nimefika. Kulikuwa, hata hivyo, na sentensi moja niliyoipita haraka, iliyosema kwamba kampuni inaweza kusimamia aina fulani za matumizi ili kulinda ubora wa mtandao. Baada ya wiki chache tulianza kuona jambo la ajabu: kipimo cha kasi kilionyesha Mbps 47 au 48, huku video kwenye televisheni ikishuka na kuwa ukungu kila ilipofika saa mbili usiku. Fundi alikuja mara mbili, akapima mbele yangu, akanionyesha namba nzuri, akaondoka. Nilipowasha VPN, yaani programu inayosimba data ili mtoa huduma asione ni ya aina gani, kwenye kompyuta iliyounganishwa kwa waya na kufungua video ile ile, ikasafika ndani ya sekunde chache. Nilipoizima, ukungu ukarudi. Nilirudia jaribio hilo jioni sita mfululizo na kuandika saa na matokeo kwenye daftari. Sisemi kwamba huo ni ushahidi kamili, kwa kuwa VPN hubadilisha pia njia ambayo data inapita na huenda njia ya kawaida ndiyo iliyokuwa imesongamana. Lakini nilipowauliza kwa maandishi kama wanapunguza kasi ya video nyakati za usiku, jibu lililokuja lilinishukuru kwa kuwa mteja wao na halikugusa swali.

Hapo nilijifunza pia kwamba faiba nayo hugawanywa. Katika mfumo wa faiba uitwao GPON, ambao ndio uliozoeleka sana majumbani, laini moja yenye uwezo wa karibu Gbps 2.5 (Mbps 2,500) ya kupakua hugawiwa nyumba nyingi, mara nyingi 32 au 64. Zote 64 zikivuta kwa pamoja, kila moja hubaki na chini ya Mbps 40. Ni nadra zote kuvuta kwa pamoja, na ndiyo maana mfumo unafanya kazi. Ila mtoa huduma akijaza wateja wengi kupita uwezo wa njia inayotoka mtaani kwenda kwake, saa mbili usiku itamuumbua, hata kama mkataba hauna kikomo hata kimoja.

Kabla ya kuhama mara ya tatu niliandika maswali manne na kuyatuma kwa kampuni zote zilizofika eneo langu. Nikishatumia GB ngapi ndipo kasi itapunguzwa, ikiwa itapunguzwa? Itapunguzwa hadi Mbps ngapi? Je, data ninayopakia inahesabiwa? Je, kuna aina ya matumizi, kwa mfano video au kushirikishana mafaili, inayowekewa kasi yake? Niliomba majibu kwa maandishi, kwa sababu maneno ya simuni hayana mahali pa kuyarudia. Kampuni moja ilinitumia kipeperushi cha matangazo. Nyingine ilinipigia simu, ikaapa kwamba hakuna kikomo, na ikakataa kuandika. Ya tatu ilijibu yote manne kwa mistari mitano: hakuna kiwango, kasi haishushwi, kupakia hakuhesabiwi kwa kuwa hakuna kinachohesabiwa, na hakuna matumizi yanayobaguliwa. Kifurushi chao kilikuwa Mbps 20 za kupakua na 10 za kupakia, na ada yake ilizidi kidogo ile ya Mbps 50 niliyokuwa nalipa. Mke wangu aliniuliza kama nina akili timamu. Nilimwonyesha daftari.

Nimekaa nao miezi tisa. Ruta yangu ina ukurasa unaohesabu data inayoingia na kutoka, na ninaisoma kila mwisho wa mwezi: mwezi wa kwanza GB 812, wa pili 940, na wa nne, nilipohamisha picha zote za familia kwenda kwenye hifadhi ya mtandaoni na kijana wangu akapakua mchezo uliozidi GB 100, ikafika 1,130. Kila mwezi nilipima kasi siku tatu za mwisho za malipo, kwa waya wala si kwa wifi, mara moja alfajiri na mara moja saa mbili usiku, kwa sababu kikomo kilichofichwa hujitokeza mwishoni mwa mwezi na msongamano hujitokeza usiku. Kipimo cha chini kabisa nilichokipata ni Mbps 17.6. Video haijaganda, isipokuwa siku mbili ambazo huduma ilikatika yenyewe, moja ikiwa tangu asubuhi hadi jioni.

Kasoro zipo. Fundi wa kufunga laini alichelewa siku sita na kila siku aliahidi kesho. Vilevile hawampi mteja wa kawaida anwani yake ya IP, yaani namba inayomtambulisha kwenye intaneti. Wateja wengi hushiriki anwani moja ya nje, na matokeo yake siwezi kuunganisha kompyuta yangu ya nyumbani moja kwa moja nikiwa safarini bila kulipia anwani maalumu kila mwezi. Kwa anayehitaji kuendesha seva nyumbani, hilo ni jambo la kuuliza kabla ya kusaini. Kwangu limekuwa kero ya mara chache.

Mkataba unamalizika baada ya miezi mitatu. Juzi wamenitumia ujumbe wa kunikaribisha kwenye kifurushi kipya cha Mbps 100, bila kikomo, kwa ada ile ile ninayolipa sasa. Niliwatumia maswali yale manne. Mpaka leo wamejibu mawili, na la kiwango cha GB si mojawapo.