Fundi wa kutu wa Mwanakwerekwe: huduma ya kusafisha injini iliyoliwa na chumvi

Kwa mtu anayenunua gari lililotumika hapa Unguja, chini ya boneti ni mahali pa kutazamwa kwa makini kuliko hata matairi, kwa sababu chumvi ya bahari hufanya kazi yake humo kimya kimya na muuzaji ana njia rahisi ya kuificha. Injini hupakwa dizeli au mafuta ya taa, ikang'aa kwa siku mbili tatu, na mnunuzi akarudi nyumbani ameridhika. Toyota Probox niliyoinunua ilikuwa imekaa Jambiani, ikilala nje karibu kabisa na ufukwe, na nilipopitisha kidole chini ya betri kilitoka na unga mweupe uliochanganyika na maganda ya kutu. Bei ilipungua kwa sababu hiyo, na pesa niliyoiokoa nikaitia katika huduma ninayotaka kuieleza hapa, kwa kuwa naamini ni kazi ya haki na wenye magari wengi hawajui kwamba ipo.

Gereji yenyewe iko Mwanakwerekwe, nyuma ya maduka ya spea. Haina bango wala si kubwa. Ni banda la mabati lenye sakafu ya saruji, na ukimuulizia fundi wa kutu utaonyeshwa. Fundi mkuu ni mtu mzima ambaye vijana wake wanamwita Maalim. Kabla ya kugusa spana aliniuliza, "Gari hii ilikuwa ikilala wapi, mwanangu, na rejeta ikitiwa maji gani?" Swali la pili ndilo lililonifanya nimwamini. Visima vingi vya ukanda wa pwani vina maji ya chumvichumvi, na madereva huyatia katika rejeta pale kiwango kinapopungua, ilhali rejeta na bloku ya injini kama hii ya Probox yangu, aina ya 1NZ-FE, ni za alumini, madini ambayo chumvi huyatoboa kutoka ndani bila mtu kuona chochote kwa nje. Alifungua kifuniko injini ikiwa baridi, akachota maji kidogo kwa kitambaa cheupe, na rangi ya kahawia iliyobaki kwenye kitambaa ikatosha kuwa jibu. Alishauri maji yote yamwagwe, njia zake zisafishwe kwa maji matamu, kisha itiwe kulanti, yaani maji maalumu ya kupoza injini, iliyochanganywa tayari, nami nilikubali.

Inafaa kueleza kwa nini gari huoza hata likiwa limefunikwa barazani. Upepo wa kusi na wa kaskazi hubeba chembe za chumvi ambazo hutua juu ya chuma, na chumvi ya kawaida huvuta unyevu wa hewa ikageuka majimaji pale unyevu unapofikia takriban asilimia 75. Hapa kwetu kiwango hicho hupitwa mara kwa mara, hasa usiku na alfajiri, kwa hivyo chuma chenye vumbi la chumvi hubaki kimelowa ingawa hakijanyeshewa hata tone. Pale ambapo bolti ya chuma imefungwa ndani ya alumini hali huwa mbaya zaidi, kwani madini hayo mawili yakikutana kwenye maji ya chumvi hupitisha umeme mdogo, na alumini ndiyo inayoliwa. Unga mweupe unaoonekana kuzunguka bolti za alteneta, mashine inayochaji betri, hutokana na jambo hilo.

Kwa sababu hiyo sikutaka kuoshewa injini kwa mashine ya presha, kama inavyofanywa katika sehemu nyingi za kuoshea magari. Maji ya presha huingia ndani ya alteneta, kwenye soketi za sensa na katika mashimo ya plagi, na yakiwa ni maji ya kisima huacha chumvi mpya mahali ambapo kitambaa hakifiki. Mafuta ya taa nayo hulainisha mipira ya mabomba na kuilegeza. Katika gereji hii hakuna mashine ya presha wala mafuta ya taa. Vumbi kavu hutolewa kwanza kwa brashi laini na upepo mdogo wa kompresa, sanduku la fyuzi na alteneta hufunikwa kwa nailoni, kisha uchafu wa mafuta husuguliwa kwa sabuni na brashi, kipande baada ya kipande, na kufutwa kwa maji ya bomba yaliyochotwa kwenye ndoo.

Kazi ya betri niliitazama mwanzo hadi mwisho. Kijana alifungua terminali, yaani kichwa cha waya wa betri, ya hasi kwanza, kisha ya chanya, akaiondoa betri na kuiweka pembeni. Terminali ya chanya ilikuwa imevimba unga wa kijani na buluu, ambao hutokea asidi ya betri inapokula shaba ya waya. Aliimwagia maji yaliyokorogwa na bikaboneti ya soda, ile ile ya jikoni, na povu likapanda. Alirudia mpaka povu lilipokoma, ishara kwamba asidi imekwisha, huku akihakikisha vifuniko vya betri vimekazwa ili maji hayo yasiingie ndani. Ndipo tulipokiona kikalio cha betri. Kona moja ilikuwa imeoza kiasi kwamba bisibisi ilipita upande wa pili bila kusukumwa kwa nguvu. Maalim alikataa kukipaka rangi. Alisema rangi juu ya chuma kilichooza ni kumdanganya mwenye gari, akakata kona yote na kuunga bamba jipya, kisha akapaka dawa yenye asidi ya fosforiki, ambayo hugeuza mabaki ya kutu kuwa tabaka jeusi lililoshikana, halafu praima, yaani rangi ya msingi, na rangi yenyewe mwisho.

Sehemu iliyonifaa zaidi ni waya wa hasi unaotoka kwenye betri kwenda kwenye bodi na injini. Kwa nje ulikuwa mzima. Alipobonyeza mpira karibu na kichwa chake ukasagika kama changarawe, na alipoupasua tukakuta nyuzi za shaba zimekuwa kijani na nyingine zimekatika. Alinionyesha tatizo hilo kwa mita ya umeme kabla ya kuubadilisha: mguu mmoja wa mita kwenye nguzo ya hasi, mwingine kwenye bloku, na mtu akiwasha gari mita ikasoma volti 1.2, umeme uliokuwa ukipotea njiani. Baada ya kufunga waya mpya na kusugua mahali pa kugusana mpaka chuma kikawa cheupe, haikufika volti 0.2. Stata, mota ya kuwashia injini, ambayo dalali wa gari alisema imechoka, ikazunguka kwa nguvu, na sikununua stata.

Alumini haikuguswa na brashi ya waya za chuma, kwani vipande vidogo vya chuma hubaki juu yake na kuanza kutu upya. Walitumia brashi ya nailoni na msasa laini. Bolti zilizokwama zilipuliziwa WD-40, mafuta mepesi ya kopo, na kuachwa zikae usiku kucha badala ya kulazimishwa zikakatika, na moja iliyokuwa ngumu zaidi ilipashwa moto kidogo kabla ya kujaribiwa tena. Kinga ya mwisho, hata hivyo, haikuwa WD-40, ambayo hufukuza maji vizuri lakini huacha utando mwembamba usiodumu. Terminali zilikazwa kwanza, zikapakwa vaselini, na bolti zilirudishwa na grisi. Hakuna kitu cha kung'arisha kilichopakwa. Anayetaka injini inayometameta atavunjika moyo, ila ukiinama utaona kila bolti na kila soketi katika hali yake ya kweli, na hivyo ndivyo injini safi inavyopaswa kuwa.

Zipo kasoro ambazo wahusika wanapaswa kuzirekebisha. Nilitajiwa shilingi 180,000 kwa kazi, bila vifaa, na bei hiyo haikubadilika. Lakini gharama ya kuunga bamba la kikalio niliambiwa baada ya kazi kufanywa. Haikuwa kubwa, na ningeikubali, ila mteja ana haki ya kuulizwa kabla. Risiti iliandikwa kwenye kipande cha karatasi bila kuorodhesha vifaa vilivyotumika, jambo ambalo litamsumbua mtu anayetaka kuliuza gari baadaye na kuonyesha kilichofanywa. Muda pia ulizidi ule tulioafikiana, ingawa sababu ilikuwa zile bolti na sitaki fundi aharakishe bolti.

Ninaandika haya baada ya masika kumalizika, kwa kuwa sifa zinazotolewa siku ya kuchukua gari hazina uzito. Mvua zilinyesha, nami nimepita mara nyingi katika barabara zilizojaa maji. Terminali hazijatoa unga tena, chaji ya alteneta inasoma volti 14.1 injini ikiwaka, na kulanti haijabadilika rangi. Kutu imeanza kujitokeza tena katika sehemu moja tu, kwenye mkono wa kushikilia boneti, ambao haukuwa katika makubaliano yetu.

Anayetaka kwenda apeleke gari asubuhi injini ikiwa baridi, aombe vipimo vya volti kabla na baada ya kazi, na atake kila nyongeza ya bei ielezwe mapema. Ijumaa banda hufungwa kabla ya swala na mara nyingi halifunguliwi tena siku hiyo. Wanaovusha magari kutoka Pemba kwa meli wapange kuliacha gari kwa siku kadhaa, kwa sababu kazi hii haimalizwi kwa siku moja.