Karakana ya Langoni inayosoma chuma kilichovunjika

Karakana hii iko Langoni, upande wa kusini wa mji wa Lamu, hatua chache kutoka ufuoni, na mgeni anaweza kuipita asiitambue kwa sababu mlangoni hapana kibao. Mwenyewe hakutaka jina lake liandikwe. Alisema kazi alizonazo zinamtosha, na zikizidi itabidi azifanye mbiombio. Anakereza, anachomelea na kufungua mitambo ya boti kama mafundi wengine wa hapa, lakini kilichonipeleka kwake ni huduma ambayo sijaipata kwingine kisiwani: kabla ya kutengeneza kipuri kipya hukikagua kile kilichovunjika na kukuandikia kwa nini kimevunjika. Ukaguzi huo hulipiwa peke yake, shilingi 2,000 kwa kipande, hata kama kazi ya kutengeneza utaipeleka kwa fundi mwingine. Kwa muda wa miezi minane nimempelekea vipande vinne, na haya ninayoyaandika yanahusu hivyo vinne.

Cha kwanza ndicho kilichonigharimu zaidi. Ninayo mashua ya mizigo inayovuka baina ya Mokowe, Lamu na Shela, yenye mtambo wa dizeli uliofungwa ndani, na katika miezi 14 ilikuwa imevunja shafti ya rafadha mara tatu. Mara ya tatu tulikuwa tumeshatoka Mokowe na saruji. Nahodha alisikia mlio mmoja mkavu, mtambo ukapanda kasi ghafla kwa kukosa mzigo, na shafti ikarudi nyuma mpaka rafadha ikagota kwenye usukani. Lau usukani haukuizuia, ingechomoka yote na kutuachia tundu wazi chini ya maji. Mafundi waliofunga zile mbili za mwanzo, ambao sitawataja, walikuwa na jibu moja: napakia kupita kiasi. Niliwaamini. Nilipunguza mifuko ya saruji kutoka 60 hadi 45 kwa safari, nikapoteza robo ya mapato yangu, na shafti ikavunjika vilevile.

Nilipofika Langoni na vile vipande viwili, fundi alivipokea kwa kitambaa, akavipeleka penye mwanga wa mlangoni, akatazama nusu ya kwanza kwa kioo cha kukuzia mara kumi na kunyamaza.

"Hii umeipitisha brashi ya waya?" aliniuliza.

Nikakubali. Nilidhani namletea kitu safi.

"Basi hii umeshaifuta, bwana. Tuombe ile nyingine hukuigusa."

Ile nyingine, kwa bahati, ilikuwa bado na mafuta na vumbi la saruji. Aliisafisha mwenyewe kwa brashi laini na mafuta ya taa, polepole, kisha akanipa kioo nami nitazame. Sikutarajia kuona kitu, lakini kilikuwa wazi kuliko nilivyodhani. Sehemu kubwa ya uso uliovunjika ilikuwa laini, karibu inang'aa, na juu yake palikuwa na mistari myembamba iliyopinda, mmoja nyuma ya mwingine, kama ile inayoachwa mchangani maji yanapokupwa. Mistari yote ilikuwa imezunguka kona moja ya mfereji wa kii, yaani ule mchirizi unaochongwa kwenye shafti ili kipande kidogo cha chuma kikae humo na kuifunga shafti pamoja na kapulingi yake, kile kiungo cha sahani mbili kinachoiunganisha na mtambo. Upande wa pili palikuwa na doa dogo lenye uso wa chenga chenga, lisilozidi ukucha wa kidole gumba, ilhali shafti yenyewe ina kipenyo cha milimita 35.

Ufafanuzi alionipa ndio ninaolipia, kwa hiyo nitauandika kwa urefu. Chuma kilichozidiwa na mzigo mara moja huvutika au hupinda kabla ya kukatika, na uso wake wote huwa wa aina moja. Cha kwangu hakikuzidiwa. Kilianza na ufa mdogo kwenye kona, ufa huo ukasogea kidogo kila shafti ilipopinda na kunyooka, na ile mistari ni vituo vya safari yake. Lile doa la chenga ndicho chuma kilichobaki kizima siku ya mwisho. Kwa kuwa doa ni dogo kiasi kile, mzigo uliokuwapo siku ile ulikuwa mdogo pia; shafti iliyobebeshwa kupita kiasi isingengoja mpaka ibaki na ukucha mmoja wa chuma ndipo ikatike. Wahandisi huiita hali hii uchovu wa metali, na August Wöhler, mhandisi wa reli wa Kijerumani, aliionyesha katika karne ya 19 kwa kuzungusha vyuma vya ekseli za treni mpaka vikavunjika chini ya mizigo ambayo kwa mara moja vingeibeba bila shida. Fundi alichukua chaki akaniandikia hesabu ukutani: shafti yangu huzunguka mara 800 kwa dakika, sawa na 48,000 kwa saa, na kwa saa nne za kazi kwa siku 25 inafika karibu milioni 4.8 kwa mwezi. Shafti ikiwa imepinda hata unywele, kila mzunguko ni kuipinda na kuinyoosha mara moja.

Lakini ufa hauanzi bila sababu, na hapa ndipo alipowapita waliomtangulia. Kona ya mfereji wa kii ilikuwa imechongwa kali kama ukingo wa tupa, na nguvu zote zinazopita kwenye chuma hujikusanya mahali kama hapo. Hiyo ilikuwa sababu moja, nayo ilieleza kwa nini palivunjika pale na si kwingine. Haikueleza kupinda kunatoka wapi. Alikataa kuniandikia lolote mpaka aione mashua, na alisisitiza aione ikiwa inaelea. Nilishangaa, kwa sababu shafti zote tatu zilikuwa zimesawazishwa na mtambo maji yakiwa yamekupwa, mashua imelalia mchanga, ndivyo ifanywavyo na kila mtu. Alikuja asubuhi ya maji kujaa, akalegeza boliti za kapulingi na kupima mwanya baina ya sahani zake mbili kwa vipande vyembamba vya geji, juu, chini na pande zote. Kwa kapulingi yenye upana wa milimita 100, mwanya haufai kutofautiana zaidi ya takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Wa kwangu ulitofautiana kwa sehemu sita. Jahazi la mbao lililolalia mchanga halina umbo lilelile linapobebwa na maji, kwa hiyo kilichokuwa sawa ufuoni kilipinda mara tu mashua ilipoelea. Juu ya hayo, raba moja kati ya zile nne zinazokaliwa na mtambo, ya nyuma kushoto, ilikuwa imelowa mafuta ya mtambo kwa miaka, ikavimba na kulainika mpaka ukiibonyeza kwa kidole inaingia.

Ripoti aliyonipa ina kurasa mbili, imeandikwa kwa mkono, ina mchoro wa uso uliovunjika na mshale unaoonyesha ufa ulipoanzia. Hati yake ni mbaya. Yaliyomo ni mazuri kuliko ripoti nyingi zilizopigwa chapa ambazo nimewahi kuzilipia. Ametenganisha aliyoyaona, aliyoyapima na anayoyadhani, na mwishoni ameandika mambo matatu ya kufanya: raba mpya, kusawazisha mashua ikiwa majini, na shafti mpya yenye kona za mviringo kwenye mfereji. Nimerudi kwenye mifuko 60.

Nilikuwa na jambo jingine nililolitaka kwake, na hapo hatukuelewana. Nilitaka barua ya kumpelekea aliyeniuzia shafti, iseme kwamba chuma chake ni kibovu, nirudishiwe fedha. Fundi alikipiga tupa, akapima kipenyo, akajaribu matone ya dawa inayobadilika rangi palipo na molibdeni, kisha akasema chuma hakina kosa lolote na hataandika kinyume cha hayo. Nilikasirika. Leo naiona kuwa sababu mojawapo ya kuiamini ile ripoti nyingine.

Hayo matone yalizua mazungumzo ambayo mwenye boti yeyote anapaswa kuyasikia. Wauzaji wengi hushika sumaku, wakakuonyesha kwamba haigandi, na kukuambia hiyo ndiyo stenlesi ya bahari. Sumaku haiwezi kutenganisha aina ya 304 na ya 316, kwa maana zote mbili kwa kawaida haziishiki. Tofauti yao ni kwamba 316 huongezewa molibdeni, asilimia mbili hadi tatu, na hiyo ndiyo inayoisaidia dhidi ya chumvi. Hata hivyo 316 nayo haikusudiwi kukaa katika maji yaliyotuama. Ngozi nyembamba inayoilinda stenlesi hujirekebisha kwa oksijeni, na ndani ya bomba la shafti, chini ya kamba za kuzuia maji, oksijeni huisha. Chuma huanza kutoboka mahali ambapo jicho halifiki, huku nje kikimetameta. Alinitolea mfano wa Uster, nchini Uswisi, ambako mwezi wa Mei 1985 dari ya zege ya bwawa la kuogelea ilianguka na kuua watu 12. Dari ile ilikuwa imening'inizwa kwa vyuma vya stenlesi, na kloridi katika hewa ya bwawa, ileile iliyomo kwenye chumvi ya bahari, ikisaidiwa na uzito uliokuwa ukivivuta vyuma hivyo mchana na usiku, ilivipasua kwa nyufa zisizoonekana kwa nje. Tangu siku hiyo, shafti yangu huvutwa na kutazamwa kila mashua inapopandishwa kupakwa rangi.

Kipande cha pili kilikuwa cha plastiki, lile bakuli linalopitisha mwanga chini ya chujio la dizeli, ambalo lilikuwa limefanya nyufa nyingi nyembamba kama utando wa buibui kuzunguka skrubu ya kutolea maji. Ukaguzi ulichukua dakika tano na swali moja: "Mnalioshea nini?" Mpwa wangu, anayeshughulikia mtambo, alijibu kwa fahari kwamba huliosha kwa thina mpaka liwe kama jipya. Plastiki ya aina ile huvumilia dizeli, na huvumilia kukazwa kiasi, lakini thina hupenya ndani yake na kulegeza mshikamano wa nyuzi zake, na pale ambapo skrubu imekazwa kupita kiasi zile nyuzi huachana. Thina peke yake isingelipasua upesi hivyo, wala kukaza peke yake. Sasa linaoshwa kwa dizeli safi na kukazwa kwa mkono. Nililipa 2,000 kwa dakika hizo tano na mpwa wangu bado ananicheka, ingawa kwa mwaka tulikuwa tumenunua mabakuli manne.

Koki ya shaba ya manjano iliyokatikia mkononi mwa nahodha haikuhitaji hata kioo. Palipokatika palikuwa na rangi ya waridi badala ya manjano, maana yake maji ya bahari yameitoa zinki yote na kuacha shaba tupu iliyojaa vitundu, ambayo haina nguvu kuliko biskuti. Ya kubadilishia inapaswa kuwa ya bronzi. Hakunitoza.

Cha nne ni mkono wa aluminiamu unaoshikilia pampu, uliopasuka karibu na mahali ulipowahi kuchomelewa. Huu alikaa nao siku 11, akanirudishia na karatasi yenye mistari minne inayosema kwamba anaona vitundu vya hewa ndani ya ule uchomeleaji, kwamba havitoshi kueleza ufa unavyokwenda, na kwamba jibu litahitaji kukatwa kipande, kung'arishwa na kutazamwa kwa hadubini ya maabara, kifaa ambacho hana. Alichukua shilingi 1,000 badala ya 2,000. Kuna watakaoona kwamba wamelipa ili waambiwe fundi hajui. Mimi naona heri hiyo kuliko shafti zangu mbili za mwanzo, ambazo kila mmoja alikuwa na jibu lake tayari kabla hata sijateremsha mzigo.

Dosari zake zipo na sitazificha. Ni mpole wa kazi mno. Kwa mtu ambaye boti imelala na abiria wanangoja, siku tatu za kungojea ripoti ni hasara kubwa, na simu yake mara nyingi haipokewi. Hapendi kupangiwa, na ukimwambia mapema unachodhani kimetokea hukukatiza. Ripoti zake hazina muhuri wala nembo, kwa hiyo anayehitaji karatasi ya kupeleka bima au mahakamani asimwendee, atafute maabara yenye vifaa na idhini. Bei ya kukereza kwake nayo iko juu: shafti mpya ilinigharimu 26,000, ambapo mwingine alinitajia 21,000, ila kona za mfereji wa huyu mwingine nilipozipitisha kidole zilikuwa kali kama zile za kwanza.

Shafti hiyo sasa ina miezi saba. Mwezi uliopita alikuja mwenyewe bila kuitwa, akaifungua kwenye kapulingi, akaipaka ile dawa nyekundu inayopenya kwenye ufa, akaifuta baada ya robo saa na kuinyunyizia unga mweupe. Tulisubiri sote watatu, mimi, yeye na nahodha, tukiutazama mfereji wa kii. Unga ulibaki mweupe.

Hufunga Ijumaa na hupokea M-Pesa. Anayekwenda apeleke nusu zote mbili za kilichovunjika, kavu, kila moja imefungwa kitambaa chake zisije zikasuguana, na asizioshe.