Usiku 12 wa doria ya kasa: uzoefu wangu wa kujitolea

Katika usiku 12 wa doria, kasa akitaga nilimwona mara tatu tu. Naanza na hilo kwa sababu tangazo la safari lilikuwa na picha za watu wameshika watoto wa kasa viganjani, na mimi nililipa nikiamini hiyo ndiyo kazi. Sivyo, na nashukuru kwamba sivyo.

Kazi yenyewe ni kutembea. Tulitoka saa mbili usiku, tukarudi saa tisa, mchangani muda wote, simu zimezimwa, tochi ni moja tu yenye mwanga mwekundu mkononi mwa kiongozi. Siku tatu za mwanzo miguu iliniuma hadi nikawaza kuacha. Waandaaji hawakulisema hili mapema, na hapo walikosea: mwenye magoti mabovu angeumia bure.

Usiku wa tano kiongozi alituashiria tukae chini. Alama pana kama za tairi la trekta zilitoka majini zikapanda juu ufukweni. Tulisubiri karibu saa nzima bila kunong'ona, tukisikia mchanga ukirushwa gizani. Kasa akishtuka kabla hajaanza kutaga, hugeuka akarudi baharini na mayai yake. Alipoanza ndipo tukasogea, tena kwa nyuma. Mayai yalidondoka mawili, matatu, meupe, yanang'aa kwa ute. Nilipewa kuhesabu: 114. Kila baada ya muda alishusha pumzi nzito kama mtu aliyebeba gunia, na machozi yakimtoka machoni. Machozi yale ni njia yake ya kutoa chumvi mwilini, nalijua hilo, lakini koo lilinikaba vilevile.

Kiota kilikuwa chini mno, bamvua, yaani maji ya bahari yanapojaa kupita kawaida, lingekifunika. Kiongozi aliyahamisha mayai usiku uleule, moja moja bila kuyageuza, kwenye shimo la kina kilekile alilochimba juu zaidi. Mgeni haruhusiwi kugusa hapo. Wapo walionung'unika, mimi naona ndivyo inavyopasa, maana yai likikaa saa kadhaa kisha likageuzwa, kiinitete kinaweza kufa.

Mchana tulifukua viota vilivyokwisha kuangua, tukahesabu maganda ili kujua wangapi wametoka. Harufu ya mayai yaliyooza hushika nguo siku nzima. Kwenye kimoja, chini kabisa, tulikuta mtoto mmoja hai, pezi lake limenaswa kwenye mzizi. Aliwekwa kivulini kwenye ndoo yenye mchanga mbichi, na jua lilipozama akaachiwa juu ya mchanga, mbali kidogo na maji, atambae mwenyewe. Alisimama mara mbili kabla wimbi halijamchukua.

Nyumba za kulala zilikuwa za kawaida, safi. Kikundi kilikuwa kikubwa mno kwa doria. Watu sita nyuma ya kasa mmoja wangetosha, sisi tulikuwa kumi na mmoja.

Ningerudi, hata kesho. Ila kabla hujalipa popote, waulize mambo mawili: mnatembea saa ngapi kwa usiku, na je, wageni hushika watoto wa kasa ili kupiga picha? Wakikujibu ndiyo kwa hilo la pili, tafuta kambi nyingine.