Kihariri cha msimbo: kipi ulipie, kipi uchukue bure

Mtu anayeandika programu hushinda ndani ya kihariri cha msimbo kuliko ndani ya programu nyingine yoyote. Hata hivyo, wengi hubaki na kile walichokikuta kwa mwalimu au kwa mwenzao wa kazini, na swali la kuchagua huja siku kampuni fulani inapoomba kulipwa kila mwezi. Hapa nimepanga vihariri vitano kwa daraja, kwa vipimo viwili ambavyo naona vina uzito kuliko rangi, kasi au idadi ya vitufe. Cha kwanza, akili ya kihariri inakaa wapi? Cha pili, ukiacha kulipa, au mwenye mali akiamua kukifunga, unabaki na nini mkononi?

Nianze na akili. Zamani kila kihariri kilijifunza kila lugha ya programu peke yake, na ndiyo maana kizuri kwa Java kingeweza kuwa hafifu kabisa kwa Python. Mwaka 2016 Microsoft, ikishirikiana na Red Hat na Codenvy, ilitangaza itifaki, yaani kanuni za mawasiliano kati ya programu, iitwayo Language Server Protocol, au LSP kwa kifupi. Kazi ya kuielewa lugha ikahamia kwenye programu ya pembeni, seva ya lugha. Kihariri kinauliza tu: jina hili limetangazwa wapi, linatumika wapi kwingine, mstari huu una kosa gani? Go ina gopls, Rust ina rust-analyzer, C na C++ zina clangd, na zote tatu ni programu huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuutumia na kuubadilisha.

Kwa mnunuzi jambo hili lina maana kubwa. Ukiandika Go au Rust, mapendekezo yanayotokea kwenye kihariri cha bure yanatoka kwenye seva ileile inayohudumia vihariri vingine vingi, kwa hiyo huna sababu ya kutoa fedha kwa ajili ya akili hiyo. Pale ambapo akili bora bado imefungwa ndani ya kihariri chenyewe, na kulipa kuna mantiki, ni kwenye Java na Kotlin, na kwa kiasi fulani C#.

Kipimo cha pili kinaeleweka vizuri ukikumbuka yaliyoikuta Atom, kihariri cha msimbo. GitHub, huduma ya kuhifadhi msimbo mtandaoni, iliitoa mwaka 2014, ikawa huria, ikapendwa sana. Mwaka 2018 Microsoft ikainunua GitHub, huku tayari ikiwa na kihariri chake, VS Code. Juni 2022 likatoka tangazo la kuifunga Atom, na tarehe 15 Desemba mwaka huohuo hazina yake ya msimbo ikafungwa. Kwa kuwa leseni ilikuwa huria, watu walichukua msimbo na kuuendeleza kwa jina la Pulsar. Hilo ni jema, na ndilo linalonifanya nitetee programu huria popote. Ila leseni huria inazuia mtu asikunyang'anye msimbo. Haikuahidi kwamba kesho atakuwepo wa kuziba tundu la usalama. Kabla ya kuhamia kihariri chochote, tazama ni wangapi wanaokitunza na riziki yao inatoka wapi.

1. Neovim, au Vim

Hapa hulipi fedha, unalipa muda. Majuma ya kwanza ni magumu, kwa sababu vidole vinajifunza upya kila kitu: kusogea, kufuta, kunakili. Nakiweka juu kwa sababu ndicho kihariri pekee ambacho ujuzi wake utakufuata popote utakapokwenda. Kampuni ya JetBrains ina programu-jalizi (nyongeza ya kihariri) ya IdeaVim, Zed ina hali ya Vim ndani yake, Sublime Text inayo ya kwake, na hata Emacs, kihariri kingine cha zamani, ina Evil. Ukiingia kwenye seva ya mbali kupitia terminali, mara nyingi utakuta vi au Vim inakusubiri. Mitindo hii ya vitufe ilianza na vi, kihariri alichokiandika Bill Joy mwaka 1976, na bado inatumika leo. Sijui uwekezaji mwingine katika kazi hii uliodumu kiasi hicho.

Vim yenyewe ilitolewa na Bram Moolenaar mwaka 1991. Hakuomba alipwe, aliomba wanaoipenda wachangie watoto wenye uhitaji nchini Uganda kupitia shirika la ICCF Holland, na kwa miaka mingi ujumbe huo uliwapokea watumiaji walipoifungua Vim bila faili. Alifariki Agosti 2023. Kazi haikusimama: watunzaji waliokuwa wamezoeana nayo waliipokea na wanaendelea kutoa matoleo. Huo ndio uthibitisho wa kipimo changu cha pili, na programu nyingi za biashara hazijawahi kuupita.

Neovim ilichipuka kutoka Vim mwaka 2014. Ina lugha ya Lua kwa ajili ya mipangilio, na tangu toleo la 0.5 la mwaka 2021 inazungumza LSP bila kuongezewa chochote cha msingi. Ukiichagua, usianze na mkusanyiko wa mipangilio ya mtu mwingine wenye programu-jalizi lukuki. Anza na faili fupi unayoielewa kila mstari, ongeza kitu pale tu unapokihitaji. Mipangilio usiyoielewa itakuharibikia siku una kazi ya haraka, na hutajua pa kuanzia kuitengeneza.

2. Vihariri vya JetBrains

Huu ndio usajili wa kulipia ninaoupendekeza bila kusita kwa anayeandika Java au Kotlin kila siku. IntelliJ IDEA, kihariri chao cha Java, ilitoka mwaka 2001, na uelewa wake wa msimbo haukuazimwa popote. Ukibadilisha jina la mbinu kwenye mradi wenye maelfu ya faili, inajua ni wapi jina hilo linamaanisha kitu hicho na wapi limefanana tu. Anayefanya marekebisho ya namna hiyo mara kwa mara atairudisha gharama upesi.

Muhimu zaidi kwangu ni leseni. Septemba 2015 kampuni ilitangaza kuhamia usajili mtupu, kwamba ukiacha kulipa zana inazimika. Wateja walipinga kwa nguvu, na mwezi huohuo ikarekebisha masharti: ukilipa mwaka mzima mfululizo, unapata haki ya kudumu ya kutumia toleo lililokuwepo mwaka huo ulipoanza. Utakosa mapya, lakini kazi itaendelea. Usajili usio na kifungu cha aina hii, kwa kampuni yoyote ile, mimi nausoma mara mbili kabla ya kuweka kadi yangu.

Usikimbilie kulipa, hata hivyo. Sehemu kubwa ya IntelliJ IDEA imekuwa huria tangu 2009 chini ya leseni ya Apache, na Java au Kotlin ya kawaida unaifanya bila kutoa kitu. Fedha inakwenda zaidi kwenye msaada wa kina wa mifumo ya kujengea programu za kazini kama Spring. Tangu Oktoba 2024, WebStorm (kihariri chao cha JavaScript) na Rider (cha C#) ni bure kwa matumizi yasiyo ya biashara, kwa sharti kwamba huwezi kuzima utumaji wa takwimu za matumizi zisizo na jina. Wanafunzi na walimu wana leseni zao za bure. Udhaifu mkubwa ni uzito: zana hizi hupitia mradi wote na kuuorodhesha, na kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 italalamika kwenye mradi mkubwa. Kama yako ni ya kiwango hicho, ongeza kumbukumbu kabla ya kununua leseni.

3. VS Code, na VSCodium

Kama una kazi ya kukabidhi wiki ijayo na hujawahi kuwa na kihariri, anzia hapa. Karibu kila lugha ina kiendelezi, yaani programu-jalizi yake, masomo mengi ya mtandaoni yanatumia kihariri hiki, na utakizoea upesi.

Ila fahamu unachokichukua. Chanzo cha VS Code kiko wazi chini ya leseni ya MIT, lakini programu unayopakua kutoka Microsoft ina leseni nyingine isiyo huria, na hutuma taarifa za matumizi usipozima mwenyewe. VSCodium ni msimbo uleule uliojengwa bila alama za Microsoft na bila utumaji huo. Gharama yake ipo kwenye viendelezi: duka la Microsoft linaruhusu kutumiwa na bidhaa za Microsoft tu, kwa hiyo VSCodium inategemea Open VSX, hazina iliyo chini ya Eclipse Foundation. Vingi vinapatikana huko. Pylance kwa Python, na kiendelezi cha Microsoft cha kufanya kazi kwenye mashine ya mbali kupitia SSH, havimo kihalali. Andika orodha ya viendelezi unavyovitegemea, vitafute Open VSX, na ukivikuta vyote chukua VSCodium. Mimi ningeikosa Pylance kwa moyo mweupe kuliko kuzoea kitu ambacho mtu mmoja anashika mlango wake.

4. Sublime Text

Chanzo chake kimefungwa, na bado nakiheshimu. Kinafunguka papo hapo, na faili kubwa ya kumbukumbu za mfumo inayowalemea wengine kinaipokea kwa utulivu. Leseni ya mtu binafsi unalipa mara moja, unapata masasisho ya miaka mitatu, kisha matoleo ya kipindi hicho yanabaki yako. Inamfuata mtu, si mashine, kwa hiyo unaitumia kwenye kompyuta zako zote. LSP inapatikana kupitia programu-jalizi ya jumuiya. Kwa mwenye mashine ya zamani, fedha yake hapa haipotei.

5. Zed

Imeandikwa kwa Rust, na waanzilishi wake ni miongoni mwa walioitengeneza Atom, na tangu Januari 2024 ni huria. Ni nyepesi, na watu wawili kuandika kwenye faili moja kwa wakati mmoja kumefikiriwa tangu mwanzo. Nimeiweka chini kwa sababu kampuni yake bado inaishi kwa mtaji wa wawekezaji. Ijaribu, ifurahie, lakini timu nzima isihamie bado.

Emacs sikuipa namba. Anayeihitaji tayari anajua ni kwa sababu ya Org (ya kupanga maandishi na kazi) au Magit (ya kutumia Git, mfumo wa kutunza matoleo ya msimbo), na hakuna mwongozo utakaombadilisha.

Kuhusu wasaidizi wa akili mnemba: wengi wao huuzwa kwa usajili wa peke yake, na kadhaa huingia kwenye kihariri zaidi ya kimoja. Uchukulie kama ununuzi mwingine, wenye bei yake na tarehe yake ya kusitishwa, usiufanye sababu ya kuhama kihariri.

Ukiamua kulipa, tumia kwanza muda wa majaribio; JetBrains hutoa siku 30, na Sublime haiwekei majaribio kikomo. Fungua mradi wako mkubwa na mchafu kuliko yote, si mradi mpya wa mfano. Badilisha jina linalotumika kila mahali, saka hitilafu moja ya kweli, na utazame kumbukumbu ya kompyuta inavyopanda. Na ukiangukia kihariri cha bure, chukua sehemu ya fedha uliyokuwa umetenga uipeleke kwa wanaokitunza. Neovim hupokea michango kupitia Open Collective, na hata mchango mdogo wa kila mwezi unawasaidia kupanga kazi yao.