Kitambaa cha meza kwenye treni ya Kamina

Wazee wa hapa Lubumbashi wakianza kuyasifu mabehewa ya chakula ya zamani, mimi damu inanichemka. Nilikula humo mara moja tu, miaka ile ya Zaïre, nikiwa na miaka tisa au kumi, tulipokuwa tunaenda Kamina kwenye kilio cha babu. Mama alikuwa amejibana wiki nzima sokoni ili njiani tule chakula cha moto.

Tuliingia behewa lile treni ilipoiacha Likasi. Kila meza ilikuwa na kitambaa cheupe kilichopigwa pasi. Garsoni akamtazama mama: kitenge, mdogo wangu mgongoni, kapu mkononi. Karibu hakusema. Akaja mpaka kwenye meza yetu, akaondoa glasi, akavuta kile kitambaa, akakikunja mara nne huku tunamwona.

"Kitachafuka, mama. Una watoto."

"Hakuna neno, baba," mama akajibu.

Meza ya pili bwana mmoja alikuwa amemwaga bia mpaka inachuruzika sakafuni. Cha kwake hakikuguswa!

Chakula sikisingizii. Kuku wa mchuzi wa nyanya, wali unaoachana punje kwa punje, na supu ambayo garsoni yuleyule aliimimina treni ikiyumba kwenye kona, tone halikuanguka. Mkono wa fundi kabisa. Ndiyo maana sijamsamehe: mtu anayeiweza kazi namna ile angeshindwaje kusema karibu? Reli ilifika hapa mwaka 1910, na wakati wa Wabelgiji meza kama hizo zilikuwa za Wazungu, weusi wakirundikwa daraja la chini. Lakini huyu alikuwa mtoto wa kwetu, anasema Kiswahili cha kwetu.

Siku ya kurudi mama hakutaka hata kusikia habari za behewa lile. Bukama, pale kwenye mto Lualaba, alinunua samaki wa moshi na bukari, yaani ugali, dirishani, tukala kwenye benchi letu tukijilamba vidole. Nilitaka kuandika kwamba samaki wale walimshinda kuku. Hapana, kuku alikuwa mtamu zaidi, na hilo linaniuma mpaka leo.

Hapo juu nilikuwa nimeandika kwamba wakilirudisha behewa lile sikanyagi. Nimefuta. Nitapanda, na mama nitampandisha, nguvu bado anazo. Ila kitambaa kitandikwe kwanza, ndipo tukae.